Sauti Kubwa Si Sauti Njema

Sisi tuliosoma chuoni, juu ya jamvi, tulirudiwa kwa ajili ya herufi kabla ya kurudiwa kwa kosa jingine lolote. Mwalimu hakutaka kujua sauti zetu ni kubwa kiasi gani. Alitaka kila herufi itoke mahali pake. Qaf ina pake, na kaf ina pake. Ukizichanganya, qalbi, yaani moyo, hugeuka kalbi, yaani mbwa.

Somo hilo lilinirudia hivi majuzi nikiwa mbali na pwani, ndani ya teksi ya mpwa wangu, tukitoka Migori kwenda Homa Bay kwenye khitma. Tulipofika Awendo, penye mashamba ya miwa, alifungulia kisomo cha Kurani. Spika ya mlango wa upande wangu ikaanza kukoroma kama mgonjwa wa pumu. Qaf na kaf zote zikawa mkwaruzo mmoja. Nikamwomba azime.

“Mjomba,” akasema, “spika hizi zimekufa. Mwisho wa mwezi nanunua mpya, kubwa, pamoja na mashine ya kuongeza nguvu. Abiria wanapenda besi.”

Nikamwuliza fedha zitatoka wapi. Alinyamaza hata tukafika Rongo. Ndipo aliponiambia kuwa ni zile alizowekea sare ya shule ya binti yake.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye neno langu. Siku hizi chombo kikikohoa tu, twakichimbia kaburi. Hatuulizi kinaumwa nini. Na tukenda dukani hatutafuti kilicho safi, bali chenye kishindo.

Baada ya khitma tulimwendea fundi wa redio pale mjini Homa Bay. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: inakoroma hata sauti ikiwa ndogo, au ikiwa kubwa tu? Alitueleza kuwa redio ikilazimishwa kupita nguvu zake, sauti hupasuka hata spika ikiwa nzima. Dawa yake ni kupunguza besi na sauti, wala haina gharama. Yetu ilikoroma hata kwa sauti ndogo.

Akafungua milango miwili, akabadilisha spika, ya kulia akaiunga kwenye waya za kushoto. Sauti ikatoka safi. Basi waya na redio vilikuwa salama, ugonjwa ulikuwa ndani ya spika yenyewe. Akaiweka mapajani, akasukuma karatasi yake polepole kwa vidole, pande zote sawasawa, huku ametega sikio. Lau ingekwaruza ndani, koili ingekuwa imeungua au imepinda, na gundi ingekuwa hasara tupu. Haikukwaruza. Kilichochanika ni ukingo, kama urefu wa kidole.

Tena akatuonyesha sababu. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kupitia kwenye kioo na kutokea matundu ya chini; ndiyo maana huwekwa nailoni nyuma ya ubao wa mlango. Yetu ilichanwa siku nyingi, karatasi ikawa inalowa. Na skrubu mbili hazikuwapo, spika ikicheza kama jino bovu.

Alibandika kitambaa chepesi kwa gundi ya mpira isiyokauka ikawa ngumu, akarudisha nailoni, akakaza skrubu. Ujira wote haukufika bei ya sahani mbili za ngege. Akatuusia kwamba hata siku ya kununua iliyotumika, tusome nyuma ya sumaku: redio nyingi za gari hutaka omu 4, na iliyo chini ya hapo huweza kuichosha redio.

Wako watakaosema kuwa vijana wa huku ni watu wa benga, na benga bila besi ni chai bila sukari. Sawa. Lakini Daniel Owino Misiani, bingwa wa Shirati Jazz aliyefariki mwaka 2006, alisifika kwa mafumbo aliyoyaficha ndani ya nyimbo zake. Fumbo likizama katika kishindo, msikilizaji amebakiwa na nini? Na sisi watu wa pwani tusijione bora: mara ngapi twafungulia taarabu hata kuta zitikisike, na shairi lenyewe lisisikike neno?

Tulirudi Migori jioni. Mpwa wangu alifungulia kisomo kile kile, kwa sauti ya kadiri, na nikaisikia qaf ikitoka pake. Hakusema kitu mpaka Awendo.

“Mjomba,” akasema, “kesho nampeleka binti kwa fundi cherehani akapimwe sare.”

Nikamshukuru Mungu. Herufi zilikuwa zimerudi, na fedha za mtoto zilikuwa hazijaguswa.