Hiyo "ni" ya Bendi 5

Wasee, leo tuongelee kaneno kadogo: "ni".

"Mueni ni mwanafunzi." "Mwanafunzi ni mtu." Neno moja, kazi mbili. Ya kwanza inamweka mtu mmoja ndani ya kundi. Ya pili inaweka kundi zima ndani ya kundi kubwa zaidi. Wanaopangia kompyuta maarifa hawazichanganyi hizi mbili. Jaribu uone: matatu za Machakos ni nyingi, hii ni matatu ya Machakos, kwa hivyo hii matatu ni nyingi. Eh? Wingi ni wa kundi, haumshukii mmoja mmoja.

Sasa kuja kwa mfumo wa kufadhili vyuo vikuu uliozinduliwa 2023. Mwaka wa 2024 wanafunzi waligawanywa kwa bendi tano (na hakuna hata moja inapiga rumba). Bendi 1 ilikuwa familia zisizozidisha shilingi 5,995 kwa mwezi, nyumbani walilipa asilimia 5 ya karo. Bendi 5 ilikuwa zaidi ya 120,000, na hao walilipa asilimia 40.

Tuseme mamake Mueni anauza mboga sokoni Machakos, lakini mjomba ndiye alimlipia shule ya kibinafsi. Fomu inauliza alisomea wapi. Kompyuta inapiga alama, inamtupa Bendi 5. Hapo ndio makisio yanageuka kuwa "ni". Mueni ni wa Bendi 5, familia za Bendi 5 hupata zaidi ya 120,000, basi mamake hupata zaidi ya 120,000. Hesabu iko sawa kabisa. Mama bado anauza sukuma.

Mimi sipingi makundi. Huwezi gawa pesa kwa nchi nzima bila makundi. Shida ni mlango wa kuingilia: kundi limeelezwa kwa mapato, lakini mtu anaingizwa kwa dalili, kama shule aliyosoma. Dalili ikikosea, kila kitu kinachofuata kinakosea kwa ujasiri.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba. Sawa, lakini hata ukija mwingine, utakuwa na makundi tu. Kwa hivyo nataka vitu viwili kando ya jina la bendi: ni majibu gani yaliyokuingiza hapo, na ni ya tarehe gani. Mzazi akifutwa kazi Agosti, majibu uliyojaza Aprili hayamhusu tena, na mwanafunzi asilazimike kukata rufaa ndio mtu ayasome upya.