Radiatere yenye Mafuta: Ngoja Kwanza Ipoe

Ndugu mashofere na mekanisie, nanyi mama wa kampi,

Alama yake mnaijua. Unafungua radiatere ya kamioni ya mazutu, unakuta maji yamekuwa kama kahawa ya maziwa, na juu yake uji mzito unaonata kidoleni. Mafuta ya moteri yameingia katika maji. Kuitengeneza ni kazi ya mekanisie. Mimi kazi yangu ni ya dispansere. Lakini haraka ya garaji huishia kwangu, kwa mikono na nyuso zilizoungua. Kwa hiyo nasema neno ambalo mashefu wengine hawatalipenda: saa ya kungoja moteri ipoe ni saa ya kazi, na ihesabiwe hivyo.

Sikilizeni sababu. Hapa Kolwezi, juu ya metre 1.400, maji ya sufuria yanachemka karibu na digri 95. Ndani ya radiatere ni mambo mengine. Kifuniko kina resori, na msukumo uliofungiwa ndani unazuia maji yasichemke hata yakipita digri 100. Ukifungua, msukumo unatoka mara moja. Sehemu ya maji inageuka mvuke palepale na kuyarusha mengine usoni mwako. Yenye mafuta ni mabaya zaidi, maana mafuta yananata kwenye ngozi na kushika joto. Kitambaa mkononi hakikulindi. Shika kwanza bomba la juu la mpira: likiwa halichomi tena na limelegea, fungua pole pole, uso ukiwa pembeni.

Haraka nyingine ni kuosha radiatere bila kutafuta mafuta yanatoka wapi. Hiyo ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kichwa na kumrudisha kazini. Mara nyingi ugonjwa uko katika kile chombo kinachopoza mafuta kwa maji: moteri ikizunguka, mafuta yana nguvu kuliko maji, yanapenya kwenye ufa. Mara nyingine ni joini ya kichwa cha moteri. Tazameni pia fimbo ya kupimia mafuta, kwani moteri ikisimama maji nayo yanaweza kupita upande wa pili. Msipotafuta, kamioni itachemka tena, na safari hii shofere atakuwa njiani peke yake, mbali na dispansere, mkono wake juu ya kifuniko.

Katika kuosha, msitie esanse wala mazutu. Mvuke wa esanse unashika moto kwa cheche moja, na mazutu yanavimbisha mabomba ya mpira. Tumieni dawa ya garaji ya kuondoa mafuta, moteri izunguke mpaka termosta ifunguke, ipoe, mmwage, mrudie mpaka maji yatoke safi. Mabomba yaliyovimba yabadilishwe. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni. Esanse inaondoa mafuta ya ngozi, ngozi inapasuka, na vidonda vinaingia hapo.

Mtu akiungua, mvueni nguo iliyolowa, isipokuwa ile iliyoshikamana na ngozi, mkamwagie maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno, yai, mawese: hapana. Vinafunga joto ndani, nasi tunapoteza muda kuviondoa. Uso au macho yakiungua, aletwe mara tu baada ya maji.

Mama, hili ni lenu zaidi. Antijeli inayochanganywa na maji ya radiatere ina ladha tamu, na ni sumu. Mtoto anaweza kuinywa kama sharubati, mbuzi na mbwa vilevile. Kwanza mtu anakuwa kama mlevi, halafu anaonekana amepata nafuu, kumbe sumu inafanya kazi. Baadaye figo zinakufa. Msingoje dalili, msimtapishe. Mpelekeni lupitali saa ileile, pamoja na bidoni aliyonywea. Maji yaliyomwagwa garajini yawekwe katika pipa lenye alama, si katika mfereji unaopita nyuma ya nyumba.

Na ile bidoni nzuri ya antijeli ambayo baba analeta nyumbani ya kuchotea maji: kuisuuza hakutoshi. Itobolewe garajini, kabla haijapita mlangoni.