Sanaa Shuleni na Udongo wa Nyanza

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walijiunga na Gredi ya 10. Walikuwa wametakiwa kuchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; na ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Mkondo huu wa tatu ndio uliokadiriwa kupata wanafunzi wachache zaidi, asilimia 15 tu. Mzazi wa Muhoroni akisikia kwamba mwanawe ataka kuchora au kufinyanga, huuliza mara moja: atakula nini?

Swali hilo si la kubezwa. Lakini Muhoroni yenyewe iliweka tumaini lake katika kiwanda cha sukari kilichojengwa miaka ya 1960, kikatiwa chini ya mrasimu mwaka 2001, na kikakodishwa kwa kampuni ya kibinafsi mwaka 2025. Katika muda huo wote mkulima wa miwa amezoea kungoja malipo yake. Kazi ya uhakika ni ipi, basi?

Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, tulikuwa na somo la Sanaa na Ufundi katika shule ya msingi. Katika KCPE tulitahiniwa ufinyanzi kwa kutia alama ya penseli kwenye karatasi! Mapema katika miaka ya 2000 hata alama hiyo iliondolewa, na kisichotahiniwa nchini Kenya hakifundishwi. Ndipo Sanaa na Usanifu katika sekondari likabaki somo la shule chache zenye uwezo.

Lugha yetu haina lawama katika jambo hili. Neno sanaa tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kazi ya mkono. Nalo neno fundi humfaa mshonaji, mwashi na mchonga mashua vilevile. Utengano wa msanii wa kuheshimiwa na fundi wa kuajiriwa tuliufundishwa shuleni.

Tazama vyungu vya Waluo. Dapi, mtungi wa maji, hujengwa kwa mkono bila gurudumu, kisha hutiwa nakshi kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Wataalamu waliochunguza ufinyanzi huu upande wa Siaya walionyesha kwamba aghalabu mwanamke huupata baada ya kuolewa, kwa mama mkwe wake. Boma la mume ndilo darasa lake, na nakshi yake hufuata ya boma hilo. Je, mkaza mwana akiwa anaishi Nairobi na maji yakiwa katika ndoo ya plastiki, nani atarithi?

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyungu vyake leo vimo katika makumbusho makubwa ya Uingereza, alijifunza kufinyanga kwa mkono huko Abuja, Nigeria, katika miaka ya 1970. Alisafiri mbali kufundishwa ustadi ambao wanawake wa magharibi mwa Kenya walikuwa nao. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae. Hapa kwetu hata gae hilo halijaingia katika kitabu cha historia ya sanaa.

Walimu watasema hawana vifaa wala mafunzo, na wasema kweli. Hata hivyo, udongo haununuliwi dukani. Shule za Muhoroni zingeweza kumwalika mfinyanzi kwa malipo ya haki, si kwa soda na shukrani, naye mwalimu akaandika kila istilahi anayoitaja kwa Kijaluo, pamoja na hatua za kuchoma na sababu za chungu kupasuka. Idara za lugha za vyuo vikuu, yangu ikiwamo, zina wajibu wa kuzipatia istilahi hizo visawe vya Kiswahili. Kundi hili la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, na karatasi ya mtihani wake bado haijatungwa.