Nia ya Mhandisi

Wako vijana watamanio kuwa wahandisi. Waulizwapo sababu, mmoja hujibu, "Nipate mshahara mkubwa", wa pili, "Watu waniheshimu." Mshahara ni haki ya mfanya kazi, wala heshima si kitu kibaya. Lakini sababu hizo tu hazitoshi. Siku ya jua kali na matope humwacha mtu njiani.

Mtazameni Alexander Mackay, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1849. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, lakini mwana alijifunza uhandisi, akapata kazi nzuri kiwandani Berlin. Kama angalitaka fedha tu, angalibaki huko. Mwaka 1876 alikuja Afrika pamoja na wamisionari, amtumikie Mungu kwa kazi ya mikono. Mwaka 1877 alisimamia kazi ya kukata njia ya magari ya ng'ombe toka Saadani hata Mpwapwa. Alipofika Uganda mwaka 1878 alifua chuma, tena alipiga chapa maneno ya Injili kwa Kiganda. Alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini ya ziwa, mwaka 1890, naye ana miaka 40.

Basi, kijana atakaye kazi hii na ajiulize kwanza: Ni mto gani usio na daraja? Ni kijiji gani kisicho na maji safi? Ajengaye apate sifa huchoka sifa zikikoma. Ajengaye ili mama mwenye mzigo avuke salama hachoki upesi. Nia njema ni tabibu.