Wadepite wa jimbo na kazi ya kuuliza



Ukimuuliza mutu njiani gavana wa jimbo anajibu mbele ya nani, mara nyingi atakuambia: mbele ya Raisi, kule Kinshasa. Hata wazazi wetu wanajibu vile, na hatuwacheki, sababu hivyo ndivyo walivyoona maisha yao yote. Wakati wa Mobutu jimbo liliitwa rejioni, na mukubwa wake alitumwa kutoka juu, tena mara nyingi alikuwa mutu wa upande mwingine wa inchi. Aliyemtuma ndiye aliyemuuliza. Raia walipiga makofi uwanjani, basi.

Katiba ya mwaka wa 2006 ilibadilisha jambo lile, lakini inaonekana habari haijafika kwa watu wote. Katiba inasema kama gavana na makamu wake wanachaguliwa na wadepite wa jimbo, kwa miaka 5. Raisi anawathibitisha tu. Mawaziri wa jimbo hawapite 10. Na Bunge la jimbo, zaidi ya kupiga kura ya sheria zinazoitwa edi, lina kazi ya kuchunguza serikali ya jimbo na huduma zote za jimbo. Kwa hiyo gavana anajibu mbele ya wale tuliowapigia kura. Ni hapo tunataka kusema kidogo.

Wadepite wana njia mingi za kuchunguza. Ya kwanza ni ulizo, kwa kinywa ao kwa maandishi, pamoja na mabishano ao bila mabishano. Ulizo halifuatwi na kura: waziri anakuja, anajibu, anarudi ofisini kwake akiwa bado waziri. Kuna pia ulizo juu ya jambo la siku zile, kama vile daraja limeanguka jana. Kuna interpelasio, ambayo ni nzito zaidi, kwa maana mukubwa anaitwa kutoa sababu za namna alivyotumia madaraka yake. Kuna tume ya uchunguzi, na kuna kuitwa mbele ya komisio. Mwisho kabisa kuna mosio. Robo ya wadepite wakiweka sahihi, wanaweza kuomba serikali nzima iondoke. Kwa kumwondosha waziri mumoja inatosha sehemu moja ya kumi. Wanangoja saa 48, kisha wanapiga kura, na inahitaji zaidi ya nusu ya wadepite wote. Ikishindwa, wale waliotia sahihi hawawezi kuleta ingine katika kikao kile kile.

Sasa angalia namna mambo yanavyokwenda. Ngazi iko na vipandio vingi, lakini wadepite wetu wengi wanaruka kutoka chini mpaka juu. Kikao kinafunguliwa mwezi wa tatu, husikii ulizo lolote. Halafu asubuhi moja redio inasema kama sahihi za mosio zimekwisha kukusanywa. Mji mzima unachemka. Wengine wanaandamana na gavana, wengine wanaandamana kinyume chake, na kila mumoja anataka kujua nani amepewa kiasi gani. Katika Kivu ya Kusini, mwishoni mwa mwaka wa 2021, wadepite walipiga kura ya kumwangusha gavana wao. Mambo yakaenda mpaka kwenye Korti ya Katiba, na korti ikamrudisha kitini. Hatutaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Tunauliza tu: miezi yote ile ya mabishano, nani alikuwa anafuata kazi ya barabara?

Tunaona kama mosio inapendwa sababu ni rahisi. Ndiyo, rahisi! Kwa kuleta mosio unahitaji hasira na sahihi. Kwa kuleta ulizo zuri unahitaji kusoma bajeti, kwenda kuona kazi kwa macho, kuhesabu. Tufikiri juu ya daraja ambalo liliandikwa katika bajeti ya jimbo na halikujengwa. Mudepite akisimama na kusema “Serikali hii imeshindwa!”, waziri atasimama naye na kusema “Mheshimiwa, hatua zimekwisha kuchukuliwa”, na watu watapiga makofi pande zote mbili. Lakini mudepite akiuliza: feza ya daraja lile ilitoka siku gani? ilikuwa ngapi? alipewa nani ile kazi, na ni wangapi walioshindana naye? nani alikwenda kupima kazi kabla ya kulipa nusu ya pili? Hapo “hatua zimechukuliwa” haitoshi. Waziri atataja tarehe, ao atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaandikwa katika kitabu cha kikao. Mwezi wa tisa, wakati wa kikao cha bajeti, mudepite atafungua kitabu kile na kumusomea maneno yake mwenyewe. Kama hapana jibu, interpelasio inafuata, na hata mosio. Lakini sasa ni mosio yenye miguu.

Wanasema kama ulizo bila kura ni mbwa bila meno. Sisi tunajua kidogo juu ya jambo hili, sababu mwanafunzi anaulizwa kila siku. Mwalimu akikuita mbele ya ubao, hakufukuzi masomo. Anataka tu kujua kama ulisoma. Lakini tangu jana usiku ulikuwa unasoma, kwa kuwa ulijua ataita.

Jibu ambalo mawaziri wa majimbo wanalipenda kuliko yote ni hili: “Kinshasa haijatuma feza.” Na hatuwezi kusema ni uongo. Katiba inasema kama asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na jimbo linapaswa kuikata kwenye shina, mbele feza haijaondoka. Kwa kweli haifanywi vile: feza inapanda mpaka Kinshasa, halafu sehemu yake inashuka, pengine kwa kuchelewa, pengine kidogo sana. Kwa hiyo gavana ana sababu. Lakini sababu ile imekuwa blanketi ya kufunika kila kitu. Jimbo lina kodi zake pia. Kuna taksi ya barabara, kuna ya masoko, kuna ya magari, na tunaona namna mama zetu wanavyolipa kila siku wakipeleka mihogo sokoni. Ile haikupita Kinshasa hata kidogo. Tena hata kwa ile ya Kinshasa mudepite anaweza kuuliza: mwezi gani ilifika, ngapi, na ilifanya nini? Pamoja na bajeti mpya serikali inapaswa kuleta hesabu za mwaka uliopita. Zile ndizo karatasi kavu kuliko zote, hakuna anayezipenda, na tunaamini kama mudepite mumoja mwenye kuzisoma mpaka mwisho anafaa kuliko kumi wenye sauti kubwa.

Jambo lingine linalozuia maulizo ni kwamba kwetu kuuliza ni kama kutukana. Mudepite wa upande wa gavana akiuliza, wenzake wanamwambia: “Weye ni wetu, juu ya nini unatuaibisha?” Mudepite wa upande mwingine akiuliza, watu wanasema: “Huyu hakupewa kitu.” Ndiyo maana tunaleta mufano wa Uskoti, katika ufalme wa Uingereza, kwani kule nako kuna serikali yenye madaraka iliyopewa na bunge la sehemu ile. Bunge lao la Edinburgh lilianza mwaka wa 1999. Wakati wa kikao, kila siku ya Alhamisi waziri wao wa kwanza anasimama kuulizwa. Na anayemuuliza si mupinzani tu, hata mutu wa chama chake anauliza. Ulizo likiandikwa, kwa kawaida jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 10 za kazi, na raia wote wanaweza kulisoma. Hatusemi kama kule kila jibu ni la kweli. Wanasiasa ni wanasiasa popote. Lakini siku ikiwekwa, hakuna anayeweza kusema kama ulizo ni vita. Ni Alhamisi tu. Kwetu sheria inatoa haki ya kuuliza, lakini siku hakuna, na ulizo linaweza kulala kwenye meza ya bureau ya Bunge mpaka kikao kifungwe.

Wengine watasema: siasa si ya watoto wa shule. Tunawajibu kwa heshima kama elimu ya msingi na ya sekondari, ndani ya kanuni za Kinshasa, iko katika kazi ambazo Katiba imelipa jimbo. Kwa hiyo tumo ndani, tupende tusipende. Tena wengi wetu tutapiga kura mara ijayo. Tukumbuke pia kama haki hii inaweza kupotea. Wadepite wa majimbo waliochaguliwa mwaka wa 2006 walikaa mpaka baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2018, miaka 12 bila raia kuwauliza wao wenyewe kitu. Na mwezi wa tano 2021, utawala wa kijeshi ulipowekwa katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, mabunge ya majimbo yale mawili yalisimamishwa, na gavana akawa askari aliyetumwa na Raisi. Hata kama vita ilikuwa sababu, wenzetu wa kule walirudi kwenye hali ya wazazi wetu: aliyemtuma ndiye anayemuuliza.

Sisi wa gazeti hili tumeandika maulizo matatu, na Prefe ameturuhusu kuyapeleka kwa mudepite wa teritware yetu mbele kikao cha mwezi wa tisa hakijafunguliwa. La kwanza: taksi ya barabara iliyolipwa mwaka uliopita katika teritware yetu ilikuwa ngapi, na ni kilometa ngapi zilizotengenezwa kwa feza ile? La pili: ni shule ngapi ziliandikwa katika bajeti ya mwaka uliopita kwa kujengwa ao kutengenezwa, na ngapi zina mabati leo? La tatu: maulizo ya wadepite yaliyowekwa tangu kikao cha mwezi wa tatu ni mangapi, na mangapi yamejibiwa? Tumemuomba ayasome kwa kinywa chake, bila mosio. Jibu likifika tutalichapa lote. Lisipofika, tutachapa tarehe tuliyopeleka barua.