Hesabu kwanza, bisibisi baadaye

Mpe mwanafunzi mota, betri na bisibisi, umwambie aunde roboti ya mashindano. Hujamaliza kusema, ameshafungua kasha. Wengi hupotea papo hapo, maana roboti haianzii kwenye chuma. Huanzia kwenye kanuni za mchezo.

Tuchukue Marekani, ambako mashindano ya FIRST ya shule za upili yalianza 1992. Kila Januari mchezo mpya hutangazwa. Mwaka wa 2017, timu zilipewa wiki sita kuunda roboti isiyozidi kilo 54 hivi, mbali na betri. Mchezo ulidumu dakika mbili na nusu, roboti tatu upande huu na tatu upande ule. Roboti iliweza kurusha mipira ndani ya tanuri, kupeleka gia za plastiki kwenye chombo cha angani, au kupanda kamba mwishoni.

Sasa tazama malipo. Kwa sehemu kubwa ya mchezo, mipira mitatu katika tundu la juu ilileta pointi moja. Tundu la chini lilitaka tisa! Kupanda kamba kulileta pointi 50. Piga hesabu, msomaji: kamba moja ni mipira 150. Lakini mipira ndiyo inayovutia macho, na vijana (na wazazi wao jukwaani) hupenda kishindo. Mtambo wa kurusha hula wiki, hula uzito, na mipira hukwama ndani. Wa kupanda waweza kuwa mota na mhimili wa kuviringisha kamba, basi.

Ndiyo maana siku za mwanzo ni za daftari. Andika kila kazi, pointi zake, sekunde zake, na kama mwenzako anaweza kukufanyia. Kisha amua lipi ni la lazima, lipi litangoja, na lipi mnaliacha kabisa. Hilo la kuacha ndilo huzua ugomvi, nami naliona lenye faida kuliko yote. Jaribuni kwa mbao na maboksi kabla ya kukata chuma, na dereva aachiwe siku za mazoezi.

Mzazi, usidhani haya ni ya wenzetu tu. Timu ya Kenya ilikuwa Washington Julai 2017, mashindano ya FIRST Global yalipofanyika kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo mwanao akikuomba pesa za mota nyingine, muulize itamletea pointi ngapi, na kwa sekunde ngapi.