Motokaa Ikizimika Jua Likiwa Kali

Yafaa leo tuzungumze juu ya motokaa kuukuu, hasa zile Land Rover za petroli na pikapu za zamani ambazo mpaka sasa zinabeba mahindi, mabati na wagonjwa katika vijiji vyetu. Ugonjwa wenyewe mnaujua. Asubuhi na baridi injini huwaka mara moja na kwenda vizuri. Ikifika saa saba mchana, mlimani, na mzigo nyuma, inazimika, wala kupiga starta hakusaidii. Mnakaa chini ya mti nusu saa. Kisha inawaka tena kama kwamba halikutokea jambo lolote.

Ukiipeleka kwa fundi kesho yake, haoni ubaya, maana imekwisha poa. Basi huanza kubahatisha: leo kabureta, kesho pampu, kesho kutwa plagi zote nne. Fedha ya kahawa imekwisha, na ugonjwa ungaliko. Tena iko siku ambapo nyuma amelala mama mwenye uchungu wa kuzaa, na hospitali iko mbali kilomita 40. Kwa hiyo yakupasa kujua kuichunguza mwenyewe, palepale njiani, katika dakika zile za kwanza kabla haijapoa.

Angalia kwanza namna inavyozimika. Ikikosa cheche ya moto, hufa ghafula, kama kibatari kilichopulizwa. Ikikosa petroli, hufa polepole: inashtukashtuka, inapata nguvu kidogo, inaipoteza tena, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Alama hii si ya hakika kabisa, lakini yakuonyesha mahali pa kuanzia.

Kabla hujashika spana, nenda ukafungue kifuniko cha tangi. Je, umesikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani? Jaribu kuwasha sasa. Petroli ikitoka tangini ni lazima hewa iingie mahali pake, na katika motokaa nyingi za zamani kifuniko kina tundu dogo kwa kazi hiyo. Tundu hilo huzibwa na vumbi na matope. Wengine wamepoteza kifuniko, wakafunga mfuko wa plastiki kwa mpira wa baiskeli, nao hauachi hewa ipite hata kidogo! Jaribio hili halina gharama ya senti moja, nami nashangaa jinsi mafundi wengi wanavyolisahau.

Kama sicho, tazama cheche. Hakikisha kwanza hakuna petroli iliyomwagika karibu. Chomoa waya wa plagi moja, uutie katika plagi ya akiba, na plagi hiyo uilaze juu ya chuma cha injini bila kuishika kwa mkono. Mwenzako apige starta. Ukiona cheche ya samawati inayoalika, upande wa moto ni mzima. Ikiwa ni hafifu na ya manjano, au haipo kabisa, shuku koili na kondensa.

Koili ni ile kopo ya chuma ambayo ndani yake nyaya nyembamba za shaba zimezungushwa maelfu ya mara. Waya ukiwa na ufa, au ngozi yake ikiwa imechakaa, cheche hupotea joto likizidi, na ikipoa hurudi. Chovya kitambaa katika maji, ukikamue, ukizungushie kopo hiyo, pasipo kulowesha nyaya za juu. Kama siku zote hungoja nusu saa, na sasa imewaka kwa dakika tano, umemkamata mwizi. Lakini ukienda kununua koili mpya, chukua ya zamani mkononi. Ziko koili zinazotaka rezista nje yake. Ukiifunga ya namna hiyo bila rezista hupata umeme mwingi mno na kuungua. Hata kuacha ufunguo umewashwa wakati injini imezimika huweza kuipasha koili moto na kuiharibu.

Kondensa ni kidude kidogo cha bei ndogo. Ikichoka, zile pointi zinazogusana na kuachana ndani ya distributa huungua na kuwa nyeusi. Ukizikuta hivyo, badili zote pamoja na kondensa.

Haya, cheche ikiwa nzuri, rudi kwenye petroli. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi, nalo ndilo joto la mchana wa Garissa mwezi wa Machi. Chini ya boneti ni zaidi sana. Katika Land Rover Series III, iliyotengenezwa toka 1971 hadi 1985, kabureta ya injini ya mitungi minne iko juu ya bomba la moshi lenyewe. Petroli ikigeuka mvuke, pampu ya zamani hushindwa, kwani kazi yake ni kusukuma maji, si mvuke. Milimani shida huzidi, maana huko hewa ni nyepesi na petroli huchemka upesi. Motokaa za siku hizi hazisumbuki hivyo: pampu yao ya umeme imo ndani ya tangi, husukuma petroli kwa nguvu tangu huko.

Hapa pia tumia kitambaa chenye maji, safari hii juu ya pampu na bomba lake. Ikiwaka upesi, lisogeze bomba mbali na la moshi, au utie kipande cha bati katikati, kisha usafishe rejeta iliyojaa mbegu za nyasi. Kifuniko cha rejeta usikiguse kabla haijapoa! Maji yake yatakuchoma uso. Huko Marekani wazee walibana vibanio vya mbao vya kuanikia nguo kwenye bomba la petroli, wakisema vinaondoa joto. Mimi siamini, kitambaa chapita.

Tena kuna mdanganyifu mmoja. Kitambaa kilichoanguka tangini huvutwa taratibu mpaka kuziba mdomo wa bomba. Injini ikizimika, kinaachia na kuelea, na baada ya kupumzika motokaa inakwenda. Utadhani ni joto. Lakini huyu huja hata siku ya mvua.

Kwa hiyo weka daftari ndani ya motokaa. Andika saa, mahali, kama ni mlima au tambarare, petroli iliyokuwamo tangini, na jambo ulilofanya ikawaka. Mpe fundi daftari hilo kabla hajafungua boneti.